Nataka kuipunguza mwili Xbox ya kwanza, nikate bodi au?

PediNyeusi

Wakuu habari zenu, naombeni mawazo kabla sijaharibu. Nina Xbox ile ya kwanza kabisa, ya 2001, lile dude jeusi lenye X kubwa mgongoni. Inawaka na inacheza, tatizo langu ni mwili wake tu. Karibu sentimita 32 kwa 26, kimo kama 10, uzito unakaribia kilo 4, ukiiweka chini ya TV basi rafu yote ni ya kwake, na kila mgeni ananiuliza kama bado natumia deki ya video.

Sasa nimeona watu wanachukua Wii wanakata bodi na msumeno inabaki kipande kama karata, wanaweka kwenye kasha la kushika mkononi. Nikajiuliza kwani hii haiwezekani? Wazo langu ni kukata pembeni pembeni pale ambapo naona hakuna chipu, kisha niprinti kasha jipya kwa 3D, DVD siitaki maana hata hivyo inagoma kufunguka mpaka uigonge. Kushika solda najua, si sana ila mkono hautetemeki. Nianzie wapi na nisiguse nini?

KibokoWaLevo

Weka msumeno chini kwanza 😂 halafu ndo tuongee

risasi_na_solda

Mkuu usikate. Bodi ina tabaka ndani kwa ndani, pale unapoona pako wazi hakuna chipu ndo kuna njia za umeme na data zinapita katikati huzioni. Hao wa Wii hawakukisia, kuna watu walikaa wakachora ramani ya njia moja moja mpaka wakajua mstari wa kukata uko wapi, na bahati yao ni kwamba kwenye Wii vitu vya muhimu vimekaa karibu karibu. Xbox ile ni kompyuta ya kawaida imevalishwa koti, prosesa ya familia ya Pentium III ya 733 MHz, GPU (chipu ya picha) ya Nvidia, RAM 64 MB imetawanyika kuwazunguka. Hupati kona ya bure.

Ila nikuulize, umeshaifungua? Maana ukiifungua utagundua bodi siyo inayofanya liwe zigo. Juu ya bodi kuna DVD upande mmoja na HDD (diski ngumu) ya inchi 3.5 upande mwingine, zile mbili ndo zinakupa kimo. Pembeni kuna pawa sapulai, hiyo ndo inakupa upana. Kinachobaki ni hewa na mabati. Kwa hiyo toa hivyo vitatu, bodi uiache nzima, na utapata kitu chembamba ambacho hakuna mtu atakiita deki.

Sasa kila kimoja kina gharama yake ya akili.

HDD: ile ya kiwandani ni ya GB 8 au 10 na imefungwa kwa nywila. Nywila inatokana na ufunguo uliopo kwenye EEPROM (chipu ndogo ya kumbukumbu) ya bodi yako wewe pamoja na namba ya diski yenyewe, hivyo huwezi kuchomeka SSD tu ukatarajia iwake, itakupa kosa namba 05 au 06 ukae unashangaa. Kabla hujagusa skrubu nyingine yoyote fanya softmod, yaani kuifungua mashine kwa programu tu bila solda, tengeneza bakapu ya EEPROM, faili lenyewe ni baiti 256 tu, litoe nje kwa FTP (kwa waya wa mtandao) uliweke sehemu mbili tatu. Narudia, kabla ya YOTE. Baada ya hapo SSD ya inchi 2.5 na adapta ya kutoka IDE (plagi ya diski ya zamani) kwenda SATA (ya kisasa) inakaa popote, na tumia kebo ya IDE ya nyuzi 80, ile iliyokuja nayo ni ya 40 na adapta nyingi hazielewani nayo.

DVD: mashine ikiwaka inaitafuta, isipoiona inagoma. Dawa ni kubadilisha BIOS, programu ya kuwashia mashine. Kama bodi yako ni toleo la 1.0 mpaka 1.5 unaweza kuandika BIOS mpya kwenye chipu ile ile ya bodi, unaunganisha vidoti viwili vitatu kwa risasi kufungua ruhusa ya kuandika halafu unaflashi. Cerbios, moja ya BIOS hizo, ina sehemu kwenye mipangilio ya kusema hakuna DVD, inanyamaza. Ikiwa ni 1.6 hiyo njia haipo, utahitaji modchip, chipu ya nyongeza yenye BIOS yake.

Pawa: hapa ndo pagumu, nitarudi baadaye nina kazi.

PediNyeusi

Aisee asante sana mkuu, nimefungua na kweli kabisa, nusu ya lile boksi ni hewa! Nimecheka peke yangu. Nimeona pia kifeni kidogo kimekaa juu ya chipu moja katikati, mbali na feni kubwa ya nyuma. Toleo nitalijuaje?

risasi_na_solda

Kifeni juu ya GPU hicho ni 1.0, yaani ya mwanzo kabisa, matoleo yaliyofuata yana hitisinki (chuma cha kupooza chipu) tupu. Safi, TSOP, yaani ile chipu ya BIOS, unaflashi bila shida na chipu yenyewe ni ya MB 1, nafasi tele.

Habari mbaya ni kwamba 1.0 ina kapasita ya saa. Tafuta silinda fupi imekaa karibu na feni ya GPU, imeandikwa 1F 2.5V. Kazi yake ni kuifanya saa ikumbuke muda ukichomoa waya, basi. Kwa umri huu karibu zote zinavuja, na yale maji yake yanakula njia za shaba pembeni yake taratibu mpaka siku moja mashine inajiwasha yenyewe au haiwaki kabisa. Ing'oe leo, usisubiri kasha. Safisha kwa spiriti na mswaki. Utakuwa unapanga saa upya kila ukichomoa, ni bora hivyo.

Zuhura8bit

Nimepita tu lakini hii mada imenigusa kidonda. Mimi nilishafanya hiki kitu, kasha la mbao nyembamba, zuri jamani, hata picha nilipiga. Nikaweka SSD, nikatoa PSU (pawa sapulai) nikatumia ile bodi ndogo ya kompyuta ya kubadilisha 12V ya adapta kuwa volti nyingine. Feni kubwa ya nyuma haikuingia nikaweka ya laptop, na mwelekeo nikaukosea, ikawa inapuliza hewa NDANI kuelekea ukuta wa mbao. Gemu la kwanza dakika kama 20 ikajizima. Nikasema labda waya. Nikawasha tena. Ikajizima. Mara ya tatu haikuwaka mpaka leo.

Kinachouma siyo hata mashine. HDD ya zamani ninayo, ina sevu za mimi na mdogo wangu za miaka na miaka, na bakapu ya EEPROM sikuchukua kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuona kasha langu likiwaka. Diski imefungwa na bodi imekufa. Kwa hiyo PediNyeusi, hizo baiti 256 alizokwambia mwenzetu, usilale kabla hujazichukua.

mzee_wa_kaseti

Dada pole. Lakini bodi kufa siyo EEPROM kufa. Ile ni chipu ndogo tu ya miguu minane na inasomeka yenyewe bila Xbox kuwaka. Umeitupa bodi?

Zuhura8bit

Ipo kwenye droo. Niliweka kama kumbukumbu ya ujinga wangu

mzee_wa_kaseti

Basi toa kumbukumbu kwenye droo. Unahitaji Raspberry Pi yoyote, nyaya tatu: data, ishara ya saa (clock) na graundi. Unaweza kushikilia kwenye miguu ya chipu yenyewe au kwenye matundu ya LPC (yale ya kuunganishia modchip) pale pale kwenye bodi, kuna programu inaitwa PiPROM imetengenezwa kwa kazi hii hii. Inakupa eeprom.bin. Ukiipata, ufunguo wa diski unaonekana ndani, unachomeka HDD kwenye kompyuta yenye IDE, unaifungua kwa nywila iliyokokotolewa. Halafu unaisoma kwa programu inayojua FATX, mfumo wa faili wa Xbox, maana Windows haitaiona hata ukiibembeleza. Jaribu, huna cha kupoteza.

KibokoWaLevo

kumbe humu kuna watu

risasi_na_solda

Nimerudi. Mzee kasema kweli tupu.

Pawa sasa, na alichosimulia Zuhura kinaingia hapa hapa. Una njia mbili. Ya kwanza unabaki na PSU yake unaiweka kwenye kiboksi chake cha nje na waya mrefu. Inafanya kazi ila mimi siipendi, ile inaingiza umeme wa ukutani moja kwa moja, kapasita yake kubwa inabaki na volti zaidi ya 300 hata ukiwa umeshachomoa, na zile za mwanzo historia yake si nzuri, Microsoft wenyewe mwaka 2005 walitangaza kubadilisha nyaya za umeme zaidi ya milioni 14 kwa sababu ya hatari ya moto. Ukienda hivyo iwe ndani ya boksi lililofungwa kweli kweli, siyo gundi ya moto na selotepu.

Njia ya pili ni hiyo ya adapta ya 12V na bodi ndogo ya PicoPSU au mfano wake. Hapa watu wanakosea kusoma wati. Wanaona 90W wanasema inatosha. Xbox inanyonya 5V kuliko kitu kingine chochote, soma stika ya PSU yako ya asili utaona ampea za 5V zilivyo nyingi ukilinganisha na 12V, halafu nenda kasome laini ya 5V ya hiyo bodi ndogo inatoa ampea ngapi mfululizo. Nyingi hapo ndo zinafeli. Tena siyo kuchomeka tu: Xbox ya matoleo yako inataka 3.3V ya kusubiri wakati ATX (mfumo wa pawa wa kompyuta za kawaida) inatoa 5V, kwa hiyo regulata ndogo hapo, na ishara ya kuwasha iko kinyume na ya ATX, unahitaji transista moja kuigeuza. Usiunganishe bodi ya Xbox kabla hujapima kila waya na multimita. Plagi ya 1.0 haifanani na ya 1.2 kwenda juu, usifuate mchoro wa toleo jingine, uliwahi kuona moshi ukitoka kwenye kitu chenye umri wa mtoto wako wa kwanza? Mimi nimeona.

Joto: feni ya nyuma kazi yake ni kuvuta hewa ipite juu ya hitisinki zote mbili kwanza ndo itoke. Kwenye kasha jipya hewa lazima iwe na njia hiyo hiyo, iingie upande mmoja itoke upande wa pili, na katikati hakuna pa kupita isipokuwa kwenye hitisinki. Ukitoboa matundu mazuri mazuri kila mahali unaharibu, hewa inachukua njia ya mkato. Bila DVD na HDD juu yake unaweza kutengeneza kama mfereji wa plastiki ukafunika CPU na GPU. Pesti mpya pia, ile ya zamani imeshakuwa chaki. Na usiprinti kwa plastiki ya PLA, inaanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi, tumia PETG au ABS.

Matundu ya pedi yapo kwenye vibodi vidogo viwili vyenye kebo zake, vinahamishika bila kukata kitu. Kitufe cha kuwasha hivyo hivyo.

mzee_wa_kaseti

Mimi nitaweka neno la upinzani kidogo. Kama hamu yako ni kitu cha mfukoni, hii siyo mashine yake, chukua Wii, ile inahitaji laini nne ndogo tu, 1V, 1.15V, 1.8V na 3.3V, na ramani za kukata zipo. Ila napo msumeno siyo mwisho wa kazi. Ukishakata unasugua ukingo kwa msasa mlaini mpaka tabaka zisigusane, unapima shoti kila laini, halafu kuna chipu inaitwa U10 lazima uihamishe. Nimeua mbili kabla ya kupata moja. Ila ukitaka Xbox nyembamba chini ya TV basi risasi amemaliza.

PediNyeusi

Wakuu nimekaa kimya siku nne nilikuwa kazini na hii kitu. Kapasita nimeng'oa, ilikuwa imeshaanza kulia, kuna unyevu wa kahawia chini yake lakini njia bado nzima. EEPROM nimechukua, ipo kwenye simu, kwenye kompyuta na kwenye flashi. TSOP imekubali mara ya pili (ya kwanza nilisahau kuunganisha vidoti 🙈). Sasa hivi inawaka bila DVD, ikiwa uchi mezani, SSD imening'inia kwa waya, PSU bado ile ile. Nimeweka bodi juu ya karatasi nikaichora pembezoni kwa penseli, na kimo na hitisinki zake nimepima, kasha litakuwa chini ya nusu ya lile la mwanzo.

Swali moja lililobaki, kile kifeni cha GPU kinapiga kelele kama nyuki, naweza kutoa nikaweka hitisinki tupu kama ya matoleo ya mbele?

risasi_na_solda

Unaweza, ila kwa huo mfereji wa hewa tu, na iwe ndefu kidogo. Ukishafunga kasha cheza gemu zito saa nzima ukiwa umekaa pembeni yake, usiende kulala ukaiacha.

Zuhura8bit

Naomba kuingilia. eeprom.bin imetoka. Nyaya tatu, jaribio la tano, la kwanza mpaka la nne ilikuwa graundi haijashika vizuri. Diski imefunguka. Nimempigia mdogo wangu simu nikamwambia sevu yako ya mwisho umeishia asilimia 61, akaniuliza kwani ulikuwa unazihesabu?