Mdogo wangu alipotelea baharini: atafufuliwa kutoka kaburi gani?

Mwana wa Shangani:

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Naandika kutoka Mtwara, nikiwa na swali ambalo sikulileta kwa ajili ya mabishano. Mwaka juzi, mwezi wa Julai, upepo wa kusi ukiwa mkali, mdogo wangu alitoka kuvua na wenzake wawili, ngalawa ikapinduka upande wa Msimbati. Wenzake waliokolewa alfajiri wakiwa wameshikilia ubao. Yeye tulimtafuta siku tisa, na mwili haukupatikana. Tulikaa matanga bila maziko, na shati lake la Jumapili mpaka leo limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa mama.

Kila tunaposali Nasadiki, yaani sala ya kukiri imani, na kufika kwenye maneno "ufufuko wa miili", mama hunyamaza. Wiki iliyopita aliniambia sababu: "Baba yenu ana kaburi lake, na mimi nimetengewa nafasi kando yake, siku ile tutaondoka pamoja. Mwanangu ataondokea wapi, na mwili wenyewe umeliwa na samaki?" Jirani mmoja amemzidishia uchungu kwa kumwambia kwamba mtu asiyezikwa hatulii, bali huzurura. Sikuwa na jibu. Naomba mnisaidie, hasa ninyi mnaofundisha.

Katekista wa Newala:

Milele, Amina. Pole sana, kaka, na umfikishie mama pole zetu.

Swali lake ni la zamani kuliko misheni zetu zote za huku kusini. Mwaka 177, katika mji wa Lyon ulio leo nchini Ufaransa, Wakristo wengi waliuawa kwa ajili ya imani. Miili yao ikaachwa wazi kwa siku sita, kisha ikachomwa na majivu yakatupwa mtoni Rhône. Watesi hawakuficha nia yao: walitaka wafu wale wasibakiwe na tumaini lolote la kufufuka. Lakini Wakristo walionusurika, ingawa walilia kwa kukosa cha kuzika, waliendelea kuwaita ndugu zao mashahidi wa Kristo, wala hawakukubali kwamba mto umewanyang'anya kitu ambacho Mungu hawezi kukirudisha.

Mwambie pia habari za Monika, mama yake Augustino, yule askofu na mwalimu wa Kanisa wa zamani, kwa sababu naye alikuwa amejitayarishia kaburi kando ya mumewe huko Afrika ya Kaskazini na akalihangaikia kwa miaka. Mwaka 387 aliugua akiwa safarini, katika mji wa bandari wa Ostia, na kabla ya kufa aliwaambia wanawe wauzike mwili wake popote. Alipoulizwa kama haogopi kuacha mwili wake mbali na kwao, alijibu kwamba hakuna kilicho mbali na Mungu, wala hana hofu kwamba mwisho wa dunia Mungu atashindwa kujua mahali pa kumfufulia. Mimi naona jibu hilo lingetosha, maana limetoka kwa mjane aliyekuwa na hamu ileile ya mama yako.

Kuhusu mwili ulioliwa, Mtume Paulo katika 1 Wakorintho 15 alipoulizwa wafu wanakuja na mwili gani, alielekeza macho ya watu shambani. Sisi tunapanda korosho kila mwaka. Ukifukua shimo baada ya wiki tatu hivi, utakuta ganda limepasuka na kuachwa, na punje imegawanyika kuwa majani mawili manene yanayosukuma udongo kwenda juu. Huwezi kuirudisha ile korosho uliyoishika mkononi, lakini hakuna mkulima atakayekuambia kwamba mche ule umetoka kwingine. Ni kweli kwamba mfano huu una mpaka wake, kwa kuwa korosho huota kwa nguvu iliyomo ndani yake, na maiti haina nguvu hiyo. Ndiyo maana tunasema kufufuliwa ni tendo la Mungu anayeita yasiyokuwapo. Naye Yesu, alipowatokea wanafunzi, alikuwa na makovu ya misumari. Atakayefufuka ni yeye mwenyewe mdogo wako, wala si mtu mwingine aliyepewa jina lake.

Msomaji wa Masasi:

Pole, ndugu yangu. Naongeza kidogo kwa upande wetu Waanglikana. Chauncy Maples, aliyehudumu hapa Masasi miaka mingi kabla ya kuwa askofu, alizama katika Ziwa Nyasa mwaka 1895, na hakuna aliyesema kwamba maji yalimtenga na Bwana wake. Ufunuo 20:13 unasema kwamba bahari itawatoa wafu waliomo ndani yake, tena imetajwa kabla ya kuzimu. Hilo la kuzurura halimo katika imani yetu, na mama asilibebe.

Mgeni wa Nachingwea:

Mimi ni Msabato, kwa hiyo sitaficha kwamba tunatofautiana nanyi: sisi tunaamini kwamba wafu wamelala, hawajui neno lolote, hata parapanda itakapolia. Wengine mnaamini kwamba roho tayari ipo mbele za Mungu. Kwa vyovyote vile, hakuna kati yetu anayeamini kwamba marehemu anahangaika juu ya maji.

Mwana wa Shangani:

Nawashukuru sana. Jana jioni nilimsimulia mama habari za Monika, naye akaniomba nirudie sehemu ya kaburi kando ya mume. Kisha nikamsomea Yohana 21, pale wavuvi wanapofika ufukoni asubuhi na kukuta moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate. Alinikatiza akauliza samaki wale walitoka wapi, maana mitume walikuwa bado hawajaleta wao. Nikamwambia kwamba Bwana alikuwa nao tayari. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema niende parokiani nikaandikishe jina la mdogo wangu kwa ajili ya Misa ya Novemba 2, siku ya kuwaombea marehemu wote, na fundi aongeze jina hilo kwenye msalaba wa baba. Shati bado lipo msumarini, nami sikuligusa.