Mjadala: Je, jezi ya mwaka 1995 iliwapatanisha Waafrika Kusini?

Ndugu zangu, mada iliyo mezani inadai kwamba Kombe la Dunia la raga la mwaka 1995 liliwapatanisha weusi na weupe wa Afrika Kusini, na wanaoipinga wanajibu kwamba ile ilikuwa sherehe ya siku moja tu. Naamini michezo inaweza kufungua mlango wa msamaha. Ninachokataa ni kusema kwamba mchezo ndio uliosamehe.

Tukumbuke kwanza jezi ile ilibeba nini. Kwa weusi wengi, kijani ya Springboks, timu ya taifa ya raga, ilikuwa sare ya utawala wa makaburu, na wafungwa wa Kisiwa cha Robben walikuwa wakiishangilia timu yoyote iliyokuja kuifunga. Mnamo Agosti 1992, Afrika Kusini iliporejea uwanjani baada ya kutengwa kimataifa, ikicheza dhidi ya New Zealand pale Ellis Park, Johannesburg, watazamaji waliombwa kunyamaza kidogo kuwakumbuka waliouawa katika ghasia za kisiasa, nao wakaimba wimbo wa taifa wa zama za ubaguzi. Huo ulikuwa msumari juu ya kidonda.

Katika uwanja huohuo, siku ya fainali, tarehe 24 Juni 1995, Mandela, aliyekaa kifungoni miaka 27, aliingia amevaa jezi ileile, mgongoni namba 6 ya nahodha François Pienaar, na umati ambao karibu wote ulikuwa wa weupe ukamwita kwa sauti moja, "Nelson! Nelson!" Kila ninapoitazama picha yake akimkabidhi Pienaar kombe, naguswa. Teke la Joel Stransky katika dakika za nyongeza lilileta ushindi wa 15-12, lakini jambo zito lilikuwa limetendeka kabla ya fainali, pale Mandela alipowasihi wenzake waliotaka nembo ya Springboks ifutwe wakubali ibaki. Aliyekosewa ndiye aliyetoa. Waliofaidika na ubaguzi walipokea, na sioni kwamba siku ile walidaiwa chochote.

Kikosini mchezaji asiye mzungu alikuwa mmoja tu, Chester Williams. Ndiyo maana kwangu mwaka 2019 una uzito kuliko 1995. Siya Kolisi, mzaliwa wa kitongoji cha Zwide, aliitazama fainali ya mwaka 2007 kilabuni kwa sababu nyumbani kwao hapakuwa na televisheni. Miaka 12 baadaye akaliinua kombe lenyewe mjini Yokohama, nahodha wa kwanza mweusi wa timu hiyo. Hapo umoja ulikuwa umeingia ndani ya kikosi chenyewe, haukuishia jukwaani.

Hata hivyo, Kolisi alipita kwenye mlango mwembamba: alipata ufadhili wa kusoma katika shule iliyokuwa ya weupe. Wanaoshikilia kwamba upatanisho ulikamilika Ellis Park, naomba watujibu hili: watoto wa Zwide ambao hawakupata ufadhili huo wamefunguliwa mlango gani?