Naomba ushauri: bibi wa kwenye gemu amefariki, nimrudishaje?

Habari zenu wakuu. Nacheza The Sims 4, gemu la kuendesha maisha ya familia za kubuni, na nimekwama. Nilitengeneza mhusika anayefanana na marehemu bibi yangu, hadi kilemba chake cha bluu. Juzi nilimpandisha kwenye mashine ya kukimbilia, kumbe mzee akijichosha kupita kiasi anakufa. Ile alama ya uchovu wa hatari niliiona, nikadhani atapumzika mwenyewe. Akaanguka, akaja mtoa roho na joho lake jeusi. Mjukuu alimsihi sana, akakataliwa. Sasa kuna kaburi uani, na usiku mzuka wake unazunguka jikoni. Imeniuma kweli.

Najua akila ambrosia, chakula maalumu cha kwenye gemu, anafufuka, lakini mpishi wangu yuko daraja la 3 tu la upishi wa hali ya juu, na inatakiwa 10. Tena ua la kifo, ambalo ni kiungo cha ambrosia, sina. Mlilipata wapi haraka, kwa kupandikiza mimea au kwa kuvua samaki? Na nianze kumwalika mzuka ajiunge na familia, au nisubiri chakula kiwe tayari? Kurudi kwenye sevu ya zamani (gemu nililohifadhi kabla hajafa) sitaki, maana mapacha walizaliwa baada ya hapo.