MREJESHO: Lile friji langu lililokuwa linavuja maji

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini friji langu linajaza maji chini ya droo ya mboga kila siku mpaka yanamwagika sakafuni. Fundi wa mtaani alishaniambia gesi imekwisha. Mlioniambia nichungulie kwanza tundu la nyuma la kutolea maji kabla ya kutoa hela, Mungu awabariki.

Nilichomoa waya, nikatoa vyakula, nikaacha milango wazi usiku kucha na matambara chini. Asubuhi nikaliona tundu, kwenye ukuta wa nyuma kwa ndani, pale kamfereji kanapoishia. Limezibwa na jani la mchicha na uchafu mweusi kama ugoro! Nikasukuma taratibu kwa mrija wa soda, kisha nikapiga maji ya uvuguvugu kwa bomba la sindano (bila sindano yenyewe, mke wangu alishtuka kweli). Mara ya tatu nikasikia maji yanachuruzika nyuma hadi kwenye kitrei kilicho juu ya kompresa (ile mota ya friji). Kumbe maji ya barafu inayoyeyuka hukusanyika humo, na joto la kompresa ndilo huyakausha. Miaka sita ninalo, sikujua.

Leo siku ya tisa, pakavu. Gesi ipo, friza inagandisha kama kawaida. Mboga sasa nazifunga kwenye mfuko, zisiguse ukuta wa nyuma.

Ila mpira wa mlango umelegea kona ya chini. Unauzwa peke yake, au mpaka mlango mzima?