Enzi ya marufuku ya pombe Marekani: Remus, Capone, Purple Gang au New York, nani alikuwa na akili ya biashara kuliko wenzake?

Mchimba Kale (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila yakianza mazungumzo ya majambazi wa enzi ya marufuku ya pombe Marekani, jina la kwanza kutajwa ni Al Capone, na mara nyingi ndilo la mwisho. Naona tunawapunja wengine. Leo naomba tuwaweke kwenye mizani wanne: George Remus wa Cincinnati, Capone wa Chicago, genge la Purple Gang la Detroit, na kundi la New York la Arnold Rothstein na Lucky Luciano. Hoja yangu ni kwamba wateja walikuwepo tele, kazi ilikuwa kuupata mzigo. Ukitaka kujua nani alikuwa na akili, usihesabu maiti, tazama pombe yake ilitoka wapi.

Marufuku ilianza kutumika tarehe 17 Januari 1920, kwa Marekebisho ya 18 ya Katiba pamoja na Sheria ya Volstead. Kinywaji chenye kilevi cha kuanzia nusu asilimia kikawa haramu. Maofisa wa kusimamia sheria hiyo mwanzoni walikuwa kama 1,500 kwa nchi nzima, nchi yenye mipaka miwili mirefu na bahari pande mbili.

Remus ndiye ananivutia zaidi. Alizaliwa Ujerumani, akakulia Chicago, akawa mfamasia, kisha wakili wa kesi za jinai. Aliwaona wateja wake wauza pombe wakipigwa faini kubwa na kuilipa papo hapo kwa noti za mfukoni. Akaisoma Sheria ya Volstead kifungu kwa kifungu, akaukuta mlango: wiski iliruhusiwa kama dawa. Daktari anaandika cheti, mgonjwa anakwenda duka la dawa na kupewa painti moja, karibu nusu lita, kwa siku kumi. Remus akahamia Cincinnati kwa sababu sehemu kubwa ya wiski iliyokuwa maghalani chini ya ulinzi wa serikali ilikuwa karibu na huko. Akanunua viwanda pamoja na maghala yake, akanunua na kampuni za dawa, akawa anajiuzia mwenyewe kwa vibali halali. Malori yakishatoka na mzigo halali, vijana wake wenyewe wanayateka njiani, wiski inaingia sokoni. Mwizi na mwibiwa ni mtu mmoja.

Capone alirithi. Aliyejenga ni Johnny Torrio, na mali yao kubwa ilikuwa bia. Sasa fikirieni bia: maji mengi, mapipa mazito, bei ndogo kwa kila lita. Huwezi kuitoa mbali ukaificha kwenye buti la gari. Ni lazima uipike jirani, na kiwanda cha bia kinanuka mtaa mzima, kwa hiyo polisi wa mtaa huo wawe wako, na mtaa wenyewe uwe wako. Ndiyo maana Chicago ilimwaga damu kuliko kwingine. Walikuwa wanagombea ardhi.

Purple Gang walikaa kwenye mto wa Detroit, mpakani, na kungoja mzigo wa Kanada. New York walikuwa na bahari: meli zilitia nanga nje ya maili 3, mahali ambapo sheria ya Marekani haifiki, na boti za kasi zikaenda kuchukua usiku. Mwaka 1924 Marekani ilikubaliana na Uingereza kusogeza mpaka huo hadi mwendo wa saa moja wa meli, boti zikaongezewa injini.

Mpangilio wangu: New York, Remus, Purple Gang, Capone wa mwisho. Karibuni mnipinge.

Kijana wa Ilala

Mkuu, hapo kwa Capone hapana. Unamweka mwisho mtu aliyeshika jiji la pili kwa ukubwa Marekani akiwa na miaka 26! Torrio alipigwa risasi Januari 1925, akapona, akaamua kuondoka na kumwachia kila kitu. Kurithi ni jambo moja, kushikilia ni jingine. Septemba 1926 msururu wa magari ulipita mbele ya hoteli ya Hawthorne kule Cicero, mji wa jirani na Chicago, ukimimina risasi za bunduki za rashasha, Capone akiwa ndani anakula. Akalala sakafuni, akaamka mzima. Wiki tatu baadaye Hymie Weiss, kiongozi wa waliomshambulia, akauawa mchana kweupe.

Na jambo moja ambalo halisemwi: marufuku ilianza siku aliyotimiza miaka 21. Alizaliwa 17 Januari 1899.

Dereva wa Maziwa Makuu

Mchimba Kale, asante kwa uzi, ila Detroit umeipitia juu juu, na mimi naishi hapa mwaka wa tisa.

Ukisimama ukingoni mwa mto katikati ya jiji, Kanada iko mbele yako upande wa kusini. Narudia, kusini. Madirisha ya majengo ya Windsor unayahesabu kwa macho. Mto haufiki maili moja kwa upana, na Januari nimeuona ukiwa na mabamba ya barafu yanayogongana na kulia kama milango ya bati. Enzi zile baridi ilikuwa kali kiasi cha mto kuganda, na magari yalipita juu yake na makasha ya wiski, milango ikiwa wazi ili barafu ikipasuka dereva aruke.

Tena Detroit ilikuwa na uzoefu wa kuwatangulia wote. Jimbo la Michigan lilijipigia marufuku yake Mei 1918, miezi ishirini kabla ya taifa. Waliojifunza magendo waliyajifunzia kwanza kwenye barabara ya kutoka Toledo, Ohio. Marufuku ya taifa ilipofika, watu wa hapa walikuwa wamekwisha kuhitimu.

Na upande wa pili mzigo ulikuwa halali. Jimbo la Ontario lilizuia watu wake kuuziwa pombe, lakini viwanda viliruhusiwa kutengeneza na kusafirisha nje. Mwenye boti ndogo alijaza karatasi za forodha kwamba anapeleka wiski Kuba, akagongewa muhuri, na alasiri hiyo hiyo karudi kuchukua safari nyingine ya "Kuba". Serikali ya Kanada ilikuja kuzuia vibali vya pombe kwenda Marekani mwaka 1930.

Ila nakubaliana nawe kwa hili: akina Bernstein na wenzao wa Purple Gang hawakuwa wafanyabiashara. Walianza kwa kuwanyang'anya wengine mizigo. Mtu amevuka barafu usiku kucha, amefika salama, wanamvizia barabarani na kuchukua kila kitu, mara nyingine na roho yake. Septemba 1931 waliwaita wenzao watatu kwenye nyumba ya kupanga pale Collingwood kwa jina la mapatano, wakawaua. Wauaji watatu wakafungwa maisha, na genge likaisha.

Mwalimu Mstaafu

Wanangu, nimefurahi kuona vijana wanasoma. Ninaongeza mawili.

La kwanza: sheria ilikataza kutengeneza, kuuza na kusafirisha. Kunywa hakukukatazwa. Tajiri aliyejaza ghala la nyumbani kabla ya Januari 1920 aliendelea kunywa na wageni wake bila kosa lolote. Kibarua aliyezoea glasi yake ya bia baada ya kazi ndiye aliyekosa. Msipoliona hilo hamtaelewa kwa nini mwananchi wa kawaida hakuwachukia hawa majambazi.

La pili ni kwa kijana wa Ilala. Mwanangu, unalisimulia vizuri, lakini usiishie pale alipoamka mzima. Tarehe 14 Februari 1929, kwenye gereji ya 2122 North Clark Street, wanaume saba walisimamishwa ukutani. Wauaji wawili walivaa sare za polisi, hivyo waliouawa walidhani ni upekuzi wa kawaida, wakageukia ukuta wenyewe. Bugs Moran, hasimu wa Capone aliyedhaniwa kuwa ndiye aliyelengwa, hakuwemo. Miongoni mwa waliokufa kulikuwa na fundi makenika, John May, aliyekuja kutengeneza malori. Mbwa wake alikuwa amefungwa kwenye lori, akabaki anabweka mpaka majirani wakaja kutazama. Capone alikuwa Florida siku hiyo. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo.

Anayepata mzigo wake kwa gharama ya namna hii, mimi simwiti mwerevu.

Kijana wa Ilala

Shikamoo Mwalimu. Nimekuelewa, na habari ya fundi sikuwa naijua. Lakini aliyewafungulia jiko la supu watu wasio na kazi mwaka 1930 ni nani? Watu walipanga foleni wakala.

Binti Pangani

Kijana, supu ile ililipwa na fedha za nani? Lakini sikuja kwa hilo.

Nimesoma tangu juu, na wanawake wa habari hii hawamo. Naanza na Mabel Walker Willebrandt, mwanasheria msaidizi wa serikali kuu kuanzia 1921 hadi 1929, aliyepewa kesi zote za marufuku. Alikuwa na tatizo la kusikia, na kila asubuhi alizipanga nywele zake zifunike vifaa vya masikioni kabla ya kwenda mahakamani. Maofisa wake wengi walikuwa wanakula rushwa. Akaona kumkamata mkubwa na chupa mkononi haiwezekani, kwa sababu mkubwa hagusi chupa. Akaishikilia hoja ya kodi: kipato ni kipato hata kikiwa cha haramu, na asiyekitangaza amevunja sheria. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani ikakubali, kwenye kesi ya muuza pombe aliyeitwa Sullivan. Capone alihukumiwa kwa njia hiyo Oktoba 1931: miaka 11 na faini ya dola 50,000. Sifa mnawapa wenye bastola, wakati mlango aliufungua mama huyu kwa kalamu.

Wa pili ni Imogene, mke wa Remus. Mleta uzi umemsifu Remus ukasimamia kwenye malori. Mwaka 1924 alikwenda jela ya Atlanta. Mkewe aliyeachiwa mali akawa na uhusiano na Franklin Dodge, aliyekuwa ofisa wa serikali, na mali ikauzwa. Tarehe 6 Oktoba 1927, asubuhi ya kwenda mahakamani kwa ajili ya talaka, Remus alilifukuza gari la mkewe hadi ndani ya bustani ya Eden Park, akampiga risasi tumboni mbele ya bintiye. Akajitetea mwenyewe kwamba wazimu ulimpanda ghafla. Jopo la raia lilichukua dakika 19 kumwona hana hatia. Dakika kumi na tisa kwa roho ya mwanamke, kwa sababu alionekana mke mbaya. Sikuweza kulala vizuri siku niliyolisoma hilo, na akili ya biashara ya mtu huyo hainihusu tena.

Wa Kisauni

Dada Pangani umesema kweli. Na mimi niwataje wanywaji, maana hao hawana mtetezi.

Pombe ya viwandani, ile ya rangi na mafuta, serikali iliamuru itiwe sumu ili isinyweke. Magenge yakaiiba, yakaisafisha nusunusu, yakaiuza. Krismasi ya 1926 watu walikufa New York kwa sumu hiyo, na Charles Norris, daktari mkuu wa uchunguzi wa vifo wa jiji, akailaumu serikali hadharani kwa sababu ilijua itanywewa. Mwaka 1930 ikaja dawa ya tangawizi ya Jamaika iliyochanganywa na kemikali ya plastiki. Maelfu ya maskini wa kusini walipooza miguu, wakawa wanatembea kwa kuiburuta nyayo.

Sisi Kenya tunalijua hili. Mei 2014 tulizika watu kaunti kadhaa, Embu ikiwa mojawapo, kwa pombe yenye methanoli, na wengine walibaki vipofu. Aliyeuza hajui jina la aliyekunywa. Kwa hiyo mkipima wanne hawa, ongezeni swali jingine: nani aliuza kitu safi? Remus aliuza wiski halisi kutoka ghalani. Mzigo wa Windsor nao ulikuwa halisi ukitoka kiwandani, kabla haujafika kwa wachanganyaji.

Mchimba Kale

Wakuu, nimejibiwa.

Binti Pangani, naomba radhi. Niliyajua ya Eden Park, nikayaacha kwa sababu yaliharibu hadithi niliyoipenda, na hilo ni kosa la msimulizi.

Kuhusu New York sibadiliki, na nieleze kwa nini. Rothstein hakuwa na kiwanda wala lori la kujivunia. Alikuwa na mtaji, aliwakopesha wengine na kugawa hatari. Alipigwa risasi hoteli ya Park Central Novemba 1928 kwa deni la kamari, akafa siku mbili baadaye bila kumtaja aliyempiga. Biashara haikufa naye. Mwaka 1931, Masseria na Maranzano, mabosi wakubwa wa mafia wa New York, walipouawa ndani ya miezi mitano, Luciano alikikataa cheo cha bosi wa mabosi, akaunda baraza ambamo familia za mafia zinapatana kabla ya kupigana. Hivyo marufuku ilipofutwa tarehe 5 Desemba 1933, Utah ikiwa jimbo la 36 kuridhia, wao walikuwa na kamari, bandari na vyama vya wafanyakazi mkononi. Capone alikuwa jela, Remus amefilisika, Purple Gang hawapo. Luciano mwenyewe alifungwa 1936 kwa kesi ya ukahaba, mashtaka ya Thomas Dewey, lakini baraza liliendelea bila yeye.

Remus namshusha. Si kwa biashara, kwa Imogene.

Mwalimu Mstaafu

Hapo umesema kiungwana, mwanangu. Dereva, huko mtoni kuna kilichobaki cha kuona?

Dereva wa Maziwa Makuu

Mwalimu, kipo na hakipo. Magati ya mbao ya boti ndogo yameondoka, sehemu kubwa sasa ni njia ya watu kutembea jioni. Daraja la Ambassador lilifunguliwa Novemba 1929 na handaki la chini ya mto mwaka uliofuata, yote mawili marufuku ikiwa bado hai, na yote mawili yanatumika.

Mimi daraja hilo navuka mara mbili kwa wiki na vipuri vya magari. Wiki iliyopita nilifika kwenye kizuizi cha ukaguzi saa kumi alfajiri, theluji inaanguka, malori arobaini mbele yangu. Ofisa akachukua karatasi, akamulika kiti cha nyuma kwa tochi, akaniuliza kama anavyoniuliza kila safari: umebeba pombe yoyote?