ETI KUFUNGIWA KULIKUWA LIKIZO! NA MAHAMRI YANGU MDOMONI!

MamaKarai (mleta uzi)

Wakuu, naandika unga bado uko kwenye kucha na buibui sijalivua. Asiniambie mtu nitulie.

Yule bwana mnamjua. Jina silitaji, sina haja. Ng'ambo hii ya kivuko cha Likoni anajulikana, kisiwani Mombasa anajulikana, hata paka wa sokoni wanamjua kwa sauti. Akiomba chumvi utadhani anatangaza msiba.

Leo tuliitwa barazani kutoa maoni. Likija gonjwa jingine kama korona, tufungwe vipi? Karatasi ina visanduku vitatu. Kufunga kabisa, kila mtu ndani. Kafyu ya usiku na kuziba njia za kutoka kaunti, kama 2020. Au kuacha watu watafute riziki, barakoa usoni na maji na sabuni mlangoni. Mimi nilikwenda na kalamu yangu, tena nilikwenda na mahamri 120, maana chai ya mkutano niliagizwa mimi. Unga ule nimeukanda tangu saa nane za usiku. Nazi nimekuna kwa mbuzi, si ya pakiti.

Ikafika zamu yangu. Nikasimama, nikasema kafyu ya saa moja jioni ilinivunjia meza ya viazi karai, kwa sababu wateja wangu ni watu wanaotoka kazini jioni. Maneno hayajaisha, yule bwana akanipungia mkono kama anayefukuza nzi. Hamri la tatu liko mdomoni. La TATU, nilihesabu. Akasema: "Mama, keti. Tusidanganyane hapa, ile ilikuwa likizo. Watu walipumzika."

Likizo.

Na mahamri yangu mdomoni! Mafuta yangu yanamng'arisha midomo, punje ya hiliki yangu imeng'ang'ania masharubu, shavu limevimba kama la mwenye jino bovu, anatafuna usingizi wangu huku akiniambia nilipumzika. Na kuna waliocheka! Si wote, lakini walicheka, nao niliwahesabu.

Likizo gani hiyo inayofunguliwa kwa vitoa machozi? Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu, nilikuwa kivukoni na beseni kichwani. Watu tumejaa tunakimbilia feri tuwahi nyumbani, saa moja haijagonga, moshi ukashuka. Beseni lilikwenda na viazi vyake. Nilifika nyumbani na kiatu kimoja, na kiatu chenyewe si changu.

Neno likizo nalijua kuliko yeye. Mume wangu alikuwa mpishi wa hoteli Diani. Ndege za nje zilisimamishwa mwisho wa Machi, hazikurudi hadi Agosti, na yeye akaandikiwa barua: likizo bila malipo. Barua hiyo aliisoma amesimama, akaisoma amekaa, akaisoma amelala. Tangu siku hiyo neno hilo halitajwi nyumbani kwangu. Leo naenda kulisikia barazani, kutoka kwenye mdomo uliojaa nazi yangu.

Ramadhani ile je? Wa Pwani mnajua, mwezi mtukufu ndio mavuno ya mkaanga karai. Maghribi kama saa kumi na mbili na dakika ishirini, kafyu saa moja. Dakika arobaini! Mtu anafungua kinywa kwa tende, anaanza kukimbia. Nilikaanga bhajia nikazila na wanangu siku tatu mfululizo, mpaka mdogo akaniuliza kama sisi sasa ni bhajia.

Mama yangu mdogo alifariki Voi, Aprili hiyo. Mombasa, Kilifi na Kwale tulikuwa tumezibwa tangu tarehe 8. Voi iko kaunti ya jirani, basi la asubuhi unafika kabla ya adhuhuri, lakini sikuvuka. Walioruhusiwa kuzika ni watu 15. Mimi nilizika kwa simu. Nilisikia koleo.

Serikali ikasema imetupunguzia kodi, anayelipwa hadi shilingi 24,000 kwa mwezi hakatwi. Mimi nakatwa na nani? Mimi nakatwa na mafuta ya kupikia.

Na sisemi korona ilikuwa uongo. Jirani yangu alikwenda hospitali kwa miguu yake akarudi ndani ya sanduku. Pengine kufunga kulikuwa sawa, pengine hakukuwa sawa, ndiyo maana nilikwenda na kalamu. Lakini kuniambia NIKETI! Na hamri langu mdomoni! Likizo!

Kifaru_Mpole

Nimewahi kiti cha mbele. Mama, swali moja tu: hilo la tatu, alilipia?

MamaKarai

Hakulipia hata la kwanza! Akaondoka na mawili kwenye leso. Kwa hiyo ni matano. Matano, na likizo juu yake.

Shakwe

Mnamzungumzia yule wa kalamu mbili mfukoni? Mwaka huo wa 2020 nilimwona kwa macho yangu anapelekewa mboga hadi getini, mlinzi anazipulizia dawa, yeye yuko ghorofani anaelekeza kwa kidole. Kwake ilikuwa likizo kweli.

BintiPangani

Dada, pole, lakini ninyi Wakenya mlijitakia. Huku kwetu Magufuli alikataa kufunga watu. Shule zilifungwa Machi, mwisho wa Juni watoto wote walikuwa madarasani. Masoko wazi, daladala wazi, misikiti wazi. Mimi sikulala njaa hata siku moja. Kisanduku cha tatu, tia tiki, nenda zako nyumbani.

MzeeUpogo

Binti, mimi ni Mtanzania kama wewe, usinisemee. Tuliambiwa papai limepimwa na mbuzi amepimwa wamekutwa na korona, baada ya hapo hesabu ikakoma: wagonjwa 509, vifo 21. Ikakaa hapo hapo mwaka mzima kama saa iliyoisha betri. Kaka yangu amefariki mwanzoni mwa 2021, karatasi ikasema changamoto ya upumuaji. Tulijifukiza nyungu mpaka rangi ya ukuta ikabanduka. Nilikuwa huru kutoka, nakubali, riziki sikukosa. Lakini nilitoka gizani. Mtu unachaguaje kutoka au kukaa, kama hujui nje kuna nini?

BintiPangani

Pole kwa msiba, mzee wangu. Bado nasema njaa nayo inaua, na yenyewe haina kipimo.

Shakwe

Hapo kwenye njaa amesema. Mmesahau yule mjane wa hapa hapa Mombasa aliyebandika mawe jikoni, watoto wadhani chakula kinaiva, wasinzie wakisubiri? Nchi nzima ililia. Huyo naye alikuwa likizo?

MamaKarai

ASANTE. Ningemtaja huyo mjane, laiti ningeachwa nimalize. Lakini niliambiwa niketi. Na mdomo umejaa!

Utingo_Nane

Mama, tumekusikia, kaa upande kidogo. Mimi nilikuwa na matatu ya watu 14, tukaambiwa tubebe 8. Mafuta ya gari hayakupunguzwa yakawa ya watu 8. Tajiri anataka hesabu yake ya watu 14. Ukipandisha nauli abiria anakutukana na barakoa imeshuka kidevuni, mate yanaruka. Mimi ndiye niliyekuwa mstari wa mbele wa vita ile, si wewe na viazi vyako.

Kifaru_Mpole

Utingo, acha hizo. Mlibeba 8 mpaka kizuizi cha askari, mbele ya kizuizi mkawa 16. Nilikaliwa mapajani na mtu mwenye gunia la muhogo.

Mwenye_Ploti

Nyote mnalia kana kwamba sisi wenye nyumba tulikuwa peponi. Nina vyumba tisa Miritini. Mwezi wa Mei 2020 waliolipa kodi ni wawili. Wawili! Benki ilinisogezea mkopo mbele, riba haikusogea. Ukibisha hodi unaambiwa "korona" kabla hujatoa salamu. Mtu ana redio inalia taarabu mchana kutwa, ana betri, kodi hana.

Utingo_Nane

Wenye nyumba ndio mlioshuka duniani na korona kwenye ndege moja. Kuna waliong'oa mabati watu wako ndani. Mimi mwenyewe niliamka sina mlango.

ChakiNaKifutio

Mnazungumzia kodi, mimi mshahara wangu ulikufa Machi 2020 ukafufuka Januari 2021. Mwalimu wa shule ya binafsi. Oktoba walirudi darasa la nne, la nane na kidato cha nne tu, mimi nafundisha la pili. Zipo shule zilizofuga kuku madarasani, na kuku wale walikula kila siku, mimi sikula. Niliuza makaa kwa wazazi wa wanafunzi wangu. Mtoto ananiita "mwalimu" mbele ya gunia.

BodaKampala

Mwalimu, miezi tisa unaiita kufungwa? Kwetu Uganda watoto wengi walikaa nyumbani kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022. Karibu miaka miwili! Binti wa dada yangu aliondoka shuleni mtoto, walipofungua ana mtoto wake mgongoni. Na sisi wa boda tulikatazwa kubeba mtu, tubebe mzigo tu. Mama mjamzito anakupungia barabarani unampita, una ndizi nyuma. Ile sura yake sijaisahau.

MamaKarai

Jamani poleni nyote, wallahi poleni. Lakini huu uzi ni wangu! Nauliza: mtu akisimama mbele yako, akala kitu chako, akakuambia taabu yako ilikuwa mapumziko, utamfanya nini? Mimi nilikaa. Hilo ndilo linaloniuma. NILIKAA. Miguu yenyewe ilikunja nikajikuta kwenye kiti.

Kifaru_Mpole

Mama anaandika aya kumi hapa, kule barazani alimaliza nusu sentensi. Hasira yako inachelewa kama feri.

Nesi_wa_Zamu

Nitasema jambo mtanichukia. Mimi nilikuwa wodini. Ningepewa karatasi hiyo ningetia tiki kisanduku cha kwanza mara mbili. Kila kufuli ilipofunguliwa, wiki chache baadaye vitanda vilijaa. Nilishika simu ya mgonjwa aage wanawe kwa video. Ninyi mnakumbuka saa moja jioni, mimi nakumbuka mlio wa mtungi wa oksijeni ukikaribia kwisha.

Utingo_Nane

Nesi, mshahara wako uliingia au haukuingia?

Nesi_wa_Zamu

Uliingia ukichechemea. Desemba 2020 tuligoma kwa sababu ya vifaa vya kujikinga na bima. Usinifananishe na yule wa mahamri.

MamaKarai

Nesi, wewe sikufananishi naye. Wewe ungekuja barazani ukaniambia hivyo, ningekusikiliza mpaka mwisho, na hamri ningekufungia la kwenda nalo. Yeye hakusema oksijeni. Alisema likizo.

BintiPangani

Samahani, niulize pembeni. Hayo mahamri ndiyo maandazi ya nazi, au ni kitu kingine?

Shakwe

Astaghfirullah. Andazi ni andazi, hamri ni hamri. Hamri lina hiliki na tui, likichovywa kwenye mbaazi halilegei.

BintiPangani

Pangani tunaweka tui na hiliki na bado tunaita maandazi.

ChakiNaKifutio

Na nesi, kwa taarifa yako, wodi ilikupa barakoa. Mimi nilishona yangu kwa kitambaa cha pazia.

BodaKampala

Mbaazi za nazi zinafika Kampala? Kuna mtu wa lori anapita Malaba anibebee? Siku hizi hakuna ile foleni ya kupimwa, madereva walikuwa wanalala chini ya lori siku nne.

Mwenye_Ploti

Utingo, rudi hapa. Umesema uliamka huna mlango. Ulikuwa umepanga wapi?

Utingo_Nane

Kwa nini?

Mwenye_Ploti

Nauliza tu.

Utingo_Nane

Miritini. Chumba cha mwisho, karibu na choo. Mlango wa bluu, kitasa kimelegea.

Kifaru_Mpole

Hapa siondoki.

Mwenye_Ploti

Kitasa nilishakikaza. Lipa Mei na Juni uje uuchukue.