Mtoto kifua chapiga mluzi usiku: asali na habasoda nimpe kiasi gani?

BintLangoni
Asalaam aleikum wanabaraza. Nina kijana wangu wa miaka sita. Mchana ni mzima, yuwacheza, yuwafukuza punda na wenzake. Likitua jua kifua chaanza. Kwanza kikohozi kikavu, halafu mluzi, na ikifika saa nane au saa tisa za usiku yuwakaa kitako kitandani, mabega juu, yuwatafuta pumzi. Asubuhi yuwaamka hana kitu, yuwataka mkate wa kumimina. Nimeambiwa nimpe asali na habasoda ya kusaga. Kwa umri huu ni kijiko kidogo kimoja au viwili? Kabla ya kula au baada? Nijibuni upesi, usiku waingia. Na tafadhali msiniambie niende hospitali, huko nimeshafika.

Nahodha_Mstaafu
Waaleikum salaam mwanangu. Habasoda haina makosa. Lakini nikuambie la kwangu. Nilianza sigara nikiwa kijana kwenye majahazi ya boriti, na nikaona kikohozi cha asubuhi ni ada ya ubaharia tu. Siku moja nilipanda ngazi za nyumba ya ndugu yangu, zile ngazi zetu za mawe, nikafika juu siwezi kutoa salamu. Daktari akasema vifuko vya hewa mapafuni vimeharibika na havirudi, kilichobaki ni kuacha sigara nisipoteze na hivi vilivyosalia. Nimeacha, ila moja baada ya futari. Uliza kwanza: baba yake avuta?

BintLangoni
Baba yake yuko Mombasa kikazi na havuti. Nimeuliza kijiko.

Kitumbua_Moto
Binti kauliza kijiko, kaletewa jahazi.

SisterMalindi
Mimi ni muuguzi, wodi ya watoto, huku Malindi. Asali kwa mtoto aliyevuka mwaka mmoja haina neno, yaweza kupunguza kukohoa usiku. Aliye chini ya mwaka asipewe kabisa. Lakini mluzi asali haiutoi. Umesema hospitali umefika: walikwambia ana nini, na walikupa nini?

BintLangoni
Walisema kifua. Walinipa dawa. Nashukuru kwa jibu la asali. Habasoda je?

Fundi_Milango
Mimi nachonga milango, na karakana yangu vumbi la mbao halikosi. Siku za msasa hata mate hutoka na rangi ya mninga. Mwenzangu alikohoa muda mrefu akilaumu vumbi, anakunywa tangawizi, anapungua mwili, usiku shuka linalowa jasho. Alipokwenda kutoa makohozi ikaonekana ni TB. Dawa alipewa bure. Baada ya miezi miwili akapata nafuu akataka kuacha, mkewe akamsimamia kila asubuhi mpaka miezi sita ikatimia. Leo yu hai na ana kelele kuliko randa. Kikohozi kikivuka wiki mbili usikiite mafua. Kapimwe. Mimi siku hizi navaa barakoa, wateja wananicheka.

Ustadhi_wa_Mkomani
Tatizo ni kina mama wa leo, simu mkononi toka alfajiri, mtoto analala kwenye feni amevua shati. Zamani tulipakwa mafuta ya nazi kifuani na tukalala mapema.

Kitumbua_Moto
Ustadhi, na wewe saa hizi umeshika nini mkononi, juzuu?

SisterMalindi
Fundi umesema kweli kuhusu wiki mbili. Ila TB kwa mtoto mara nyingi huja na kudhoofu, homa isiyoisha, kutoongezeka uzito, na mara nyingi kuna mtu mzima karibu naye anayekohoa. Huyu anaamka asubuhi anadai mkate. BintLangoni, nakuuliza tena: dawa gani? Ya maji, vidonge, au ya kuvuta mdomoni?

BintLangoni
Haya. Ya kuvuta. Pampu ya bluu. Walinionyesha na kuitumia. Lakini sikuiendeleza, na nina sababu zangu. Mavyaa wangu, mama wa mume wangu, asema pampu humzoeza mtoto, akishazoea kifua hakifanyi kazi bila yake. Na si maneno tu, mtaani kwetu kuna mtu alikutwa amefariki na pampu mkononi. Nyinyi mwaona mateja walivyojaa Lamu na Malindi. Mimi ni mama, siwezi kumtia mwanangu uteja kwa mkono wangu. Ndiyo maana nikauliza kitu cha asili.

SisterMalindi
Ahsante kwa kusema, sasa twaweza kuzungumza. Pampu ya bluu haitolewi kwa mafua, maana yake waliona dalili za pumu. Kwenye pumu mirija ya hewa inavimba kwa ndani, misuli inayoizunguka inajikaza, na makamasi yanaziba nafasi iliyobaki. Hewa ikilazimishwa kupita hapo palipobana ndio huo mluzi. Na usiku ndio wakati wake.

Dawa iliyomo kwenye hiyo pampu ni salbutamol. Inalegeza misuli ndani ya dakika chache, na kwa kuwa inafika pale pale mapafuni, dozi yake ni ndogo kuliko ya kumeza. Mtoto moyo waweza kumwenda mbio kidogo na mikono ikatetemeka, kisha hupita. Haina uteja ndani yake. Ukiona mtoto anaihitaji zaidi na zaidi, ujue ule uvimbe wa ndani haujatibiwa, na uvimbe una pampu yake nyingine, ya kinga, mara nyingi ya kahawia. Hiyo huvutwa kila siku, hata siku kifua kiko safi, kisha anasukutua. Jirani yako hakuuawa na pampu. Hatari iko kwa anayetegemea ya bluu peke yake, anapata nafuu ya saa chache, na chini kunaendelea kuvimba.

Ya bluu ikihitajika zaidi ya mara mbili kwa wiki, rudi wakupangie upya. Na akishindwa kumaliza sentensi, au ngozi ya kati ya mbavu ikawa inadidimia akivuta pumzi, au midomo ikageuka rangi, usingoje kupambazuke. Mluzi ukinyamaza ghafla na mtoto bado anahangaika, usifurahi. Hapo hewa haipiti tena hata ya kupiga mluzi.

Na jioni nyumbani mnachoma nini?

BintLangoni
Udi kidogo, na dawa ya mbu ile ya mduara. Kwani nyumba ya Kiamu bila udi ni nyumba? Tena kipindi hiki mbu ni wengi.

SisterMalindi
Chandarua hakina moshi. Udi uchome asubuhi, madirisha wazi, mtoto akiwa chuoni, madrasa. Sikukatazi, nakuhamishia saa.

Kitumbua_Moto
Na paka? Nasikia manyoya ya paka pia huamsha pumu. Sasa Lamu tutawahamishia wapi, Mokowe bara? Tukimaliza paka tuanze na punda.

Ustadhi_wa_Mkomani
Kabla ya paka kuna jambo kubwa zaidi. Pampu yafunguza au haifunguzi? Maana mtoto atabaleghe, atafunga.

Nahodha_Mstaafu
Mimi niliambiwa haifunguzi kwa sababu ni hewa.

Ustadhi_wa_Mkomani
Si hewa tupu, ina dawa. Maulamaa wana ikhtilafu hapo. Wako waliosema yafunguza na wako waliosema haifunguzi.

Kitumbua_Moto
Mtoto ana miaka sita jamani. Mwacheni afunguze.

BintLangoni
Sister, nimekusoma. Lakini mimi nimeshakubaliana na mavyaa. Usiku mmoja mtoto alizidiwa tukampakia boti mpaka hospitali, nilidhani nampoteza. Sitaki kurudia. Kuna mafuta mavyaa ameyapata, ni ya uhakika, watu wa visiwani huponea. Alfajiri kijiko kimoja kabla ya kula chochote. Nilitaka kujua tu kama yachanganyika na habasoda.

Fundi_Milango
Mafuta ya nini?

BintLangoni
Ya kasa.

Macho_Manne
Nimesoma toka juu nikisubiri hapa tufike. Huu si uzi wa ushauri, hili ni duka. Kwanza mtoto mgonjwa, halafu hospitali haikusaidia, halafu pampu inaua, halafu mafuta "ya uhakika". Kesho atakuja mwingine na jina jipya aseme mwanawe amepona, kisha namba ya simu. Na mmesahau kumuuliza: wewe wa Langoni, Lamu mjini, hospitali kubwa ya King Fahd iko hapo hapo kisiwani mwenu, unakwenda kwa miguu. Boti ya nini?

Kitumbua_Moto
Mimi nafikiri kinyume. Huyu ni askari wa wanyamapori, amejifanya mama, anasubiri mtu aandike "njoo pembeni nikuuzie". Kasa analindwa na sheria ya wanyamapori ya 2013. Mimi sijui kasa ana rangi gani, iandikwe hivyo.

Macho_Manne
Duka au mtego, mtoto hayupo.

Ustadhi_wa_Mkomani
Kudhania watu vibaya ni dhambi. Ingawa hiyo boti hata mimi imenitatiza.

Msimamizi wa Baraza
Uzi ubaki. Atakayetaja bei au mahali pa kupata kasa atafungiwa.

BintLangoni
Mola awasamehe. Siuzi kitu. Hatukuwa Langoni usiku ule. Tulikuwa Kizingitini, kisiwa cha Pate, kwa jamaa za mavyaa, tulikwenda kuyachukua hayo mafuta. Pampu niliiacha kabatini nyumbani, mavyaa asiione. Kifua kikamshika usiku, maji yamekupwa, boti haipiti mkondo wa Mkanda mpaka yajae, ikabidi tungoje. Mmeridhika?

Macho_Manne
Kizingitini na Faza ni pua na mdomo, na Faza pana hospitali. Mbona mkangoja maji?

BintLangoni
Mavyaa hakutaka. Faza ana jamaa kila nyumba, asubuhi ingejulikana tumefuata nini.

Macho_Manne
...Hiyo sasa naiamini. Hakuna muuzaji angetunga habari mbaya namna hiyo kuhusu bidhaa yake.

SisterMalindi
Mtoto ameshayanywa?

BintLangoni
Mara moja, kijiko. Akapaliwa, akatapika.

SisterMalindi
Nisikilize, na hili silisemi kwa ajili ya kasa. Mtoto anayehema kwa shida hupaliwa kirahisi. Mafuta yakiteremka mapafuni yanakaa, yanawasha, yanaleta nimonia ambayo dawa za kuua vijidudu haziitibu, kwa sababu hakuna kijidudu. Wadi nyingi za watoto duniani zimeona hilo kwa samli na mafuta ya samaki. Hakuna mafuta yatakayolegeza ule msuli. Ana homa? Mwangalie akiwa amelala, akivuta pumzi haraka kuliko kawaida yake mpeleke leo leo.

Fundi_Milango
Na kasa mwenyewe ana wakati huwa sumu. Pemba Machi 2024 walikufa watu 9 waliokula nyama yake, 8 kati yao watoto. Mwaka 2021 huko huko walikufa 7.

BintLangoni
Hiyo ni nyama. Mimi nasema mafuta.

Fundi_Milango
Mnyama ni mmoja.

BintLangoni
Homa hana, nimemshika sasa hivi. Pumzi za kawaida, ila mluzi upo. Mafuta nitayaweka kando, si kuyatupa, mavyaa ameyalipia. Na pampu nikimpa, mara ya kwanza aliirudisha yote puani, haikuingia kitu.

SisterMalindi
Watoto wengi hawaiwezi hivi hivi. Chukua chupa ya maji ya nusu lita. Toboa kitako chake kwa waya uliopashwa moto, tundu lenye umbo la mdomo wa pampu, libane kabisa, pembeni zungusha utepe hewa isitoke. Ioshe kwa maji ya sabuni, iache ikauke yenyewe bila kuifuta ndani, dawa isigande kwenye plastiki. Mtoto akae wima. Tikisa pampu, ipachike kitakoni, yeye abane mdomo wa chupa kwa midomo yake. Bonyeza mara moja tu, avute na kutoa pumzi polepole mara tano au sita humo humo. Tikisa tena kabla ya kubonyeza ya pili. Fuata idadi waliyokuandikia. Usiku huu ilale karibu na wewe, si kabatini. Kesho mpeleke wasikilize kifua kwa sababu ya hayo mafuta, na uwaulize pampu ya kinga.

BintLangoni
Kesho pana shughuli kwa jirani, mavyaa atauliza niko wapi.

SisterMalindi
Mwambie unakwenda kununua habasoda.

Nahodha_Mstaafu
Sister, chupa hiyo hata mzee yamfaa?

SisterMalindi
Yamfaa, babu, kama daktari amekuandikia pampu. Na ile ya baada ya futari nayo ni sigara.

Fundi_Milango
BintLangoni, kutoboa chupa kukikushinda, mtume mtu aniletee karakana, nitaitoboa bure. Ila mtoto asije naye, nimeshika msasa wiki nzima hii.